RAMADHANI SIKU YA 18: Deni la chuo na vyumba vya kupangisha



Juzi baada ya tarawehe kijana mmoja alinisubiri pale kwenye viatu. Kamaliza chuo miaka 5 iliyopita, hana ajira ya mshahara, ana duka la vifaa vya simu na Alhamdulillah linamlipa. "Shehe, nina milioni 7. Nimepata kiwanja karibu na chuo, nataka nianze msingi wa vyumba 4 nipangishe wanafunzi. Niombee dua."

Nikamuuliza, chuo ulisomeshwa na nani? Akacheka. "Bodi ya Mikopo, Shehe. Ila hawajanipata bado."

Hilo "hawajanipata" limeninyima usingizi, maana najua si lake peke yake.

Tusichanganye mambo. Kujenga na kupangisha ni halali na kuna kheri. Wala sisemi mwenye deni asifanye biashara mpaka amalize. Kama mmekubaliana ulipe kidogo kidogo na unalipa, jenga, Allah akubariki. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hata kabla hajaushika. Mtihani uko kwa aliyejiajiri, ambaye anaweza kujificha akafanikiwa.

Wengine mtaniambia, "Shehe, lile deni lina riba." Ile tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani iliondolewa 2021. Na hata ilipokuwepo, ada uliyolipiwa na bumu ulilokula vilikuwa deni tu.

Mnaijua hadithi ya maiti aliyeletwa kwa Mtume ﷺ ili aswaliwe. Akauliza kama ana deni. Wakasema dinari 2. Akajizuia kumswalia, mpaka Abu Qatada (r.a.) alipojibebesha lile deni. Kesho yake Mtume ﷺ akamuuliza, vipi zile dinari 2? Abu Qatada akashangaa, mtu kafa jana tu! Lakini aliendelea kuulizwa mpaka akalipa. Dinari 2, ndugu yangu.

Sasa angalia jambo moja. Marejesho ya mikopo ndiyo yanayosaidia kukopesha wadogo zako wanaoingia chuo leo. Yule mwanafunzi unayetaka akulipe kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, atalipa kwa bumu. Wewe unasubiri bumu lake mlangoni, na chungu linamotoka umekataa kurudisha ulichochota.

Kweli, Suratul Baqara aya ya 280 inamtaka mkopeshaji ampe muda mwenye dhiki. Lakini mwenye milioni 7 mkononi sijui dhiki yake tuiitaje. Aya ya 282, ndefu kuliko zote katika Qur'an, inahusu kuandika madeni. Basi nenda kaulize salio lako, panga nao utalipa vipi, uliandike kwenye wasia, na mkeo ajue. Wajane wangapi wameshtukia madeni ya waume zao msibani!

Kijana akanyamaza, kisha akasema, "Lakini Shehe, kiwanja kitauzwa." Nikamwambia, huenda kikauzwa kweli.

Jana usiku kanitumia salio: milioni 9 na ushee. Kiwanja bado anakitaka. Leo baada ya alasiri tunakaa naye barazani pa msikiti kupiga hesabu, aanze kulipa kiasi gani na kibaki kiasi gani cha kiwanja. Mwenye hali kama yake aje na karatasi zake.