Ubingwa wa Mjomba

"Usisafirie nyota ya mwenzio," husema watu wa pwani. Kijana wa kisa hiki hakulelewa pwani. Alilelewa Bigwa, Morogoro Mjini, chini ya milima ya Uluguru, na nyota aliyoisafiria ilikuwa ya mjomba wake. Yeye na mjomba ni watu wa kubuni, ila yaliyowakuta yamewakuta madaktari vijana wengi.

Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo neno la mjomba lina uzito wake. Mjomba huyu alikuwa na shamba la viungo Kinole, juu milimani. Mdalasini na pilipili manga ya shamba hilo ndiyo iliyomnunulia mpwa sare na madaftari ya sekondari, na mkopo wa Bodi ya Mikopo ulipopelea chuoni, gunia la karafuu lilishuka mjini. Kijana alikuwa na deni ambalo halikuandikwa popote, nalo ndilo deni gumu kuliko yote.

Tarehe 10 Agosti 2019 alikuwa nyumbani likizo, amemaliza mwaka wa nne wa udaktari. Asubuhi hiyo lori la petroli lilipinduka Msamvu, hapohapo mjini. Watu wakakimbilia kuchota mafuta, moto ukalipuka wakiwa palepale. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Kijana alikwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa kusaidia kusukuma machela. Aliwaona madaktari wakiingia na kutoka thieta, akaona namna ndugu wa majeruhi walivyowapisha njia na kuwatazama kwa matumaini. Usiku mjomba akapiga simu.

"Mpwa wangu, umewaona hao wanaopasua?"

"Nimewaona, mjomba."

"Basi na wewe uwe wao. Wa kutoa vidonge tunao huku kijijini."

Hakujibu, lakini alikubali. Tangu siku hiyo alipoulizwa atabobea katika nini, alisema upasuaji.

Alichokiona siku ile kilikuwa kweli, ila hakikuwa kazi yote. Majeruhi wengi walihamishiwa Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, na huko ndiko kazi ndefu ilikoendelea. Mgonjwa aliyeungua huanza kwa kupimiwa maji ya dripu saa kwa saa, na njia yake ya hewa kulindwa kabla koo halijavimba. Akivuka hapo, huoshwa na kubadilishwa bandeji tena na tena, mara nyingi chini ya dawa ya usingizi kwa sababu maumivu hayavumiliki. Hulishwa chakula chenye nguvu ili mwili ujenge ngozi, hupandikizwa ngozi, hufanyishwa mazoezi ili viungo visikakamae, na huzungumzishwa anapoanza kuogopa kulala. Ni wiki, pengine miezi. Kisu kimo, lakini hakiko peke yake. Kijana alikuwa ameipenda asubuhi moja ya upasuaji.

Mfumo wetu ulimpa nafasi ya kujirekebisha. Tanzania mwanafunzi hachagui ubingwa akiwa darasani. Husoma udaktari miaka mitano, kisha hufanya kazi mwaka mmoja kama daktari mtarajali, akipita idara kubwa nne: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi na magonjwa ya wanawake. Wengi hufanya kazi tena miaka kadhaa kama madaktari wa kawaida kabla ya kuomba shahada ya uzamili ya tiba, inayochukua miaka mitatu au zaidi. Wanaopita njia ya COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoanzishwa 1999, husomea kazini, hospitalini. Muda wa kujipima upo.

Katika utarajali wake kijana alijipima bila kujua. Thieta alikuwa na mkono mzuri, hakuna aliyemlaumu, ila upasuaji ukipita saa mbili alianza kuinua macho kutazama saa ya ukutani. Wodi ya watoto ilikuwa kinyume. Huko alikaa na mama mmoja akimweleza jinsi ya kuchanganya maji ya chumvichumvi, akahesabu pumzi za mtoto mwenye nimonia, akarudi tena kuzihesabu baada ya chakula. Sista mmoja mkongwe wa wodi hiyo alimwambia siku ya mwisho ya zamu yake:

"Dokta, ukiwa huku hutazami saa."

Alicheka, akamshukuru, akaenda zake. Hakuna mshauri aliyewahi kumpa ushauri wa maana kuliko huo, na alikuwa ameupata bure.

Ulipofika wakati wa kuomba ubingwa alikuwa ameajiriwa katika hospitali moja ya halmashauri. Sababu alizoziorodhesha zilikuwa tatu. Mjomba anataka. Wenzake wanasema daktari wa upasuaji hakosi kazi ya jioni katika hospitali binafsi, wakati daktari wa watoto ana huruma na mfuko mtupu. Halafu ufadhili uliopatikana mwaka huo ulikuwa wa upasuaji. Zote tatu zilikuwa sababu za kweli. Hakuna hata moja iliyomhusu yeye asubuhi akiwa amevaa glavu. Alipata ruhusa ya masomo, akasaini mkataba wa kurudi kituoni kwake akihitimu, akaondoka.

Alichokikuta masomoni hakikuwa Msamvu. Kilikuwa raundi ya alfajiri, kisha kushikilia kidonda kiwe wazi saa nzima wakati mkubwa wake anakata, kisha kliniki ya vidonda. Kilikuwa ngiri, kidole tumbo, jipu, ngiri tena. Mwenzake aliyelala kitanda cha jirani bwenini aliifurahia kila ngiri. Alirudi jioni akichora kwenye karatasi namna nyama zilivyopishana. Kijana wetu alirudi akalala. Mwaka wa pili alianza kuchelewa, kisha kuwakaripia wauguzi, kisha kukwepa zamu za usiku. Hakufeli mtihani wowote. Aliandika barua ya kuacha.

Gharama ya barua hiyo ilikuwa kubwa. Nafasi aliyoikalia ilikuwa na watu waliokuwa wakiitamani. Fedha za ufadhili zilidaiwa kwa mujibu wa mkataba. Halmashauri iliyokuwa ikimsubiri ikabaki bila daktari bingwa, na wagonjwa wake wa ngiri wakaendelea kupanda basi kwenda hospitali ya mkoa. Naye mjomba, aliyekwisha kuwatangazia watu wa Kinole, alipiga simu akauliza jambo moja tu: "Sasa niwaambie nini?"

Mtu anaweza kusema kosa lilikuwa kumsikiliza mjomba. Si kweli. Mjomba alisema alichokijua, na aliyeijua wodi alikuwa mpwa. Kosa lilikuwa kuichagua fani kwa siku yake ya sifa badala ya siku yake ya kawaida. Kila fani ina siku yake ya sifa: moyo uliozimika ukadunda tena, pacha waliozaliwa salama usiku wa manane. Siku hizo hazijazi mwaka. Kinachojaza mwaka ni yule mgonjwa wa kisukari anayerudi kwa mara ya ishirini bila kumeza dawa, au ile chupa ya vipande vya nyama inayosubiri kwenye meza ya mtaalamu wa patholojia. Anayeweza kumpokea huyo mara ya ishirini bila kuchoka naye, huyo ndiye bingwa wa fani hiyo.

Tazama walioanza ubingwa wa magonjwa ya dharura Muhimbili mwaka 2010. Fani hiyo haikuwa na mafunzo nchini kabla yao. Haikuwa na jina la kumtambia mjomba wala wakubwa wa kuiga. Walioichagua walichagua kazi yenyewe: mlangoni, mgonjwa hajulikani anaumwa nini, na dakika hazitoshi. Leo ni vigumu kuifikiria Muhimbili bila idara hiyo.

Kuna jambo jingine la kupimwa kabla ya kusaini. Utarajali hukuonyesha vyumba vinne tu vya nyumba yenye vyumba vingi. Usingizi na ganzi, afya ya akili, patholojia, mionzi, macho, pua-koo-masikio: hizo wengi huzichagua au kuzikataa kwa kusikia tu. Bado nchi ina uhaba mkubwa wa madaktari bingwa wa usingizi, na katika hospitali nyingi za wilaya kazi hiyo inabebwa na wauguzi waliosomea usingizi. Daktari wa upasuaji asiye na mtu wa kumlaza mgonjwa wake hawezi kufanya lolote. Pengine nafasi yako iko upande ule wa pazia ambako hujawahi kusimama.

Basi wewe unayemaliza mwaka wa tano, au uliye mtarajali leo, fanya haya. Omba likizo yako fupi uitumie katika idara ambayo hukupangiwa. Mfuate daktari bingwa aliyefanya kazi miaka kumi, umfuate siku ya Jumatano mchana, si siku anapotoa mada. Uliza vifaa vya fani hiyo vinapatikana wapi, na kama uko tayari kuishi huko. Angalia ni wodi gani unasahau kutazama saa, na wauguzi wakongwe wakikuambia kitu, wasikilize. Kisha panda mwenyewe hadi kwa mjomba Kinole, umwamkie, uketi, umweleze kazi uliyoichagua na kwa nini. Atanung'unika. Ni afadhali anung'unike leo kabla hujasaini kuliko akose la kuwaambia watu kesho.