Hekta Milioni Moja za Mpunga

Mwaka 1984 Indonesia ilitangaza kuwa inajitosheleza kwa mchele, na Rais Suharto akasifiwa hadi Roma. Miaka kumi baadaye nchi ilikuwa inaagiza tena mchele kutoka nje. Mwishoni mwa 1995 akatoa amri: hekta milioni moja za kinamasi huko Kalimantan ya Kati, nyingi zikiwa msitu, zigeuzwe mashamba ya mpunga.

Kwenye karatasi hesabu ilikubali. Ardhi ipo, mvua ipo, wakulima watahamishwa kutoka Java. Tathmini ya mazingira ilikuja mitambo ikiwa imeshaanza kuchimba. Na udongo wenyewe, sijui kama unastahili jina hilo: ni mboji, yaani majani, magogo na mizizi iliyolala majini maelfu ya miaka bila kuoza, mahali pengine kwa kina cha zaidi ya mita kumi. Maji yake ni meusi kama chai ya rangi. Hayo maji ndiyo mlinzi. Yakiwapo, hewa haipenyi na kaboni hubaki ilipo. Yakiondoka, mboji huoza na kutoa hewa ya ukaa kila siku, hata asiwepo wa kuwasha kiberiti.

Ikachimbwa mifereji ya zaidi ya kilomita 4,000. Ilikusudiwa kuumwagilia mpunga, ikakausha kinamasi. Ardhi ikadidimia, tindikali ikazidi, mpunga ukakataa.

Mwaka 1997 ukaja ukame wa El Niño, na moto juu yake. Moto wa mboji hauna makeke. Hutambaa chini kwa chini. Unaumwagia maji hapa, kesho unafuka kule. Mchuma janga hula na wa kwao, ila moshi wa mwaka ule ulivuka mipaka hadi Malaysia na Singapore, kwa watu wasio na hata jaruba moja Kalimantan. Watafiti walikadiria kuwa mboji na misitu iliyoungua Indonesia ilitoa kati ya tani bilioni 0.81 na 2.57 za kaboni. Kwa kadirio la juu, hiyo ni kama asilimia 40 ya kaboni iliyokuwa ikitolewa kwa mwaka na mafuta, gesi na makaa ya mawe duniani kote.

Mradi ulifutwa 1999, mifereji ikabaki. Mwaka 2015 mboji ikawaka tena vibaya, na 2016 serikali ikaunda wakala wa kuirejeshea maji, mifereji ikaanza kuzibwa. Mwaka 2020 serikali hiyohiyo ikatangaza mashamba mapya ya chakula, sehemu yake palepale.