Kura Si Msamaha

Je, mtu aliyewahi kuwaonea wenzake anaweza kuangushwa na uonevu huo siku anapoomba kura? Nairobi imekwisha kulijibu swali hili kwa vitendo, na jibu lake halimpendezi mwenye kuamini kuwa wema hulipa.

Tarehe 6 Septemba 2013, Rachel Shebesh, Mwakilishi wa Wanawake wa Nairobi, aliandamana na wafanyakazi wa kaunti waliokuwa wamegoma hadi ofisi ya Gavana Evans Kidero pale City Hall. Kamera zilikuwapo, na jioni Wakenya waliona kofi la gavana likimshukia mwanamke huyo. Malalamiko ya pande zote mbili yaliondolewa baadaye, na Kidero akaendelea na kazi hadi mwisho wa muhula. Aliposhindwa mwaka 2017, mijadala ilihusu zaidi takataka, msongamano wa magari na nguvu ya chama cha Jubilee. Kofi lilitajwa, ila halikuonekana kuwa ndilo lililomwangusha. Tena aliyembwaga, Mike Sonko, aliyepata kura zaidi ya 870,000, hakuwa na sifa ya upole hata kidogo. Shebesh naye alikipoteza kiti chake mwaka huohuo.

Huko Marekani mambo hayakuwa tofauti sana. Mwaka 2012 gazeti la Washington Post lilisimulia jinsi Mitt Romney, akiwa mwanafunzi wa sekondari mwaka 1965, alivyoongoza wenzake kumkamata mvulana mmoja na kumkata nywele kwa nguvu. Romney alisema hakulikumbuka tukio hilo, akaomba radhi kwa jumla. Habari ikavuma kwa siku kadhaa, kisha kampeni ikarudi kwenye uchumi na ajira.

Kwa hiyo tukiuliza kama uonevu wa zamani huharibu kampeni, jibu ni kwamba mara nyingi hauharibu. Swali gumu ni hili: je, unapaswa kuiharibu? Na kama ndiyo, kwa haki gani?

Wengi hulijibu kwa lugha ya msamaha. Anasimama mzee barazani Majengo na kusema, "Kijana alikosea, ametubu, tumsamehe." Maneno mazuri, lakini yana kasoro moja: anayesamehe si aliyeumizwa. Msamaha ni mali ya aliyepigwa, aliyetukanwa, aliyenyang'anywa meza yake ya biashara Gikomba. Umati hauwezi kuutoa kwa niaba yake, kama nisivyoweza kukusamehe deni unalodaiwa na jirani yangu. Adhabu nayo si ya umati. Ina mahakama yake. Kwa hiyo mpiga kura anapoingia kibandani hasamehi na wala haadhibu. Anafanya jambo la tatu: anakabidhi amana. Na kumnyima mtu amana si kumlipiza kisasi. Hakuna aliyezaliwa akiwa na haki ya kupewa kiti cha udiwani.

Tukishatenganisha mambo haya matatu, uonevu wa zamani unabadilika sura. Haubaki kuwa deni ambalo mgombea hajalilipa. Unakuwa ushahidi wa namna anavyomtendea mtu asiyeweza kumrudishia. Ushahidi huo unatuhusu sisi moja kwa moja, maana baada ya siku ya kura mpiga kura ndiye asiyeweza kurudishia. Kwa miezi kadhaa mgombea humwita mama, mzee, bosi wangu. Kura zikishahesabiwa, nguvu zote zinahama: mwenye kuamua askari wa kanjo waende wapi, nani abomolewe kibanda, barua ya nani ijibiwe, ni yule mmoja. Kwa miaka mitano sisi ndio wadogo. Basi njia ya kujua tutakavyotendewa ni kuchunguza alivyowatendea wadogo aliowahi kuwa nao: mpishi, dereva, karani, mwanafunzi wa kidato cha kwanza bwenini.

Mtaa wetu wa Pumwani una pingamizi zito kwa hoja hii, na halistahili kupuuzwa. Mtaa huu ulianzishwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili Waafrika wa Nairobi wakae mahali pamoja, wakionekana na kudhibitiwa. Tangu hapo wakazi wake wamezoea kuamrishwa: vitambulisho vya kipande, misako, notisi za kubomolewa. Mwaka 2014, katika operesheni ya kiusalama iliyoitwa Usalama Watch, majirani zetu wa Eastleigh walisombwa kwa malori hadi uwanja wa Kasarani. Watu walioonewa kwa karne nzima wana sababu ya kumtamani mbabe wao wenyewe. "Mwenye nguvu mpishe," walisema wahenga. Basi na sisi tupate wa kupishwa. Kwa macho hayo, rekodi ya ubabe haimchafui mgombea. Inampamba.

Septemba 2018, Sonko, akiwa gavana, aliingia ghafla katika Hospitali ya Kujifungulia ya Pumwani, akakuta miili 12 ya watoto wachanga ikiwa imewekwa ndani ya maboksi. Aliwasimamisha kazi wakuu wa hospitali papo hapo, kamera zikiwaka. Wengi walishangilia, na ni nani angewalaumu? Mama aliyewahi kuzungushwa wodini alihisi kuwa hatimaye kuna mtu anayewafokea wakubwa kwa niaba yake. Lakini miezi tisa baadaye, Mwakilishi wa Wanawake Esther Passaris alipolalamika hadharani kwamba gavana hapokei simu zake, ukali uleule ulimgeukia yeye, naye akadhalilishwa mbele ya umma. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Tulichokishangilia kama utetezi kilikuwa tabia, na tabia haichagui upande. Hufuata mahali penye mtu wa kufokewa.

Pingamizi hilo, basi, linachanganya ubabe na ujasiri. Tofauti yao haipo katika sauti wala katika ngumi. Ipo katika ukubwa wa anayekabiliwa. Hapa hapa Eastlands, tarehe 23 Aprili 1950, kiongozi wa wafanyakazi Makhan Singh alisimama katika ukumbi wa Kaloleni akadai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki, wakati ambapo dai hilo lilitosha kumfunga mtu. Wiki chache baadaye yeye na kiongozi mwenzake Fred Kubai walikamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Singh alizuiliwa zaidi ya miaka 11. Alimkabili aliyemzidi nguvu na akalipa kwa mwili wake mwenyewe. Mbabe hulipisha mwili wa mwingine. Mtaa unaotaka mtetezi unamhitaji wa aina ya Singh, ila kwa kuwa wote wawili huonekana wakali, hadaa ni rahisi.

Pingamizi la pili ni la umri. Shule za bweni za Kenya zimezalisha viongozi wengi waliopitia umono: walipofika waliteswa, walipopanda kidato wakawatesa wengine. Mwaka 2017 hata Alliance, shule ya fahari ya taifa, ilitikiswa na ripoti ya mateso ya wanafunzi wa kidato cha kwanza. Tukimkataa kila aliyemnyanyasa mono, tutabaki na nani? Swali hili ni la haki. Kijana wa miaka 16 si hati ya mwisho ya mtu. Lakini ushahidi wa zamani hupunguzwa uzito na ushahidi mpya, si na machozi jukwaani. Aliyebadilika ana miaka ya kuonyesha: alimtafuta aliyemuumiza, amewatendea vyema walio chini yake, amewahi kupingwa akavumilia. Asiye na hata kimoja cha kuonyesha anatuomba tuamini miujiza.

Sheria haiwezi kutufanyia kazi hii. Sura ya Sita ya Katiba ya 2010 inazungumzia uadilifu wa viongozi, lakini Kifungu cha 73 kinataka viongozi wateuliwe kwa misingi ya uadilifu, uwezo na ufaafu, au wachaguliwe katika uchaguzi huru na wa haki. Yaani kwa anayepigiwa kura, mizani imeachwa mikononi mwa mpiga kura. Sonko mwenyewe aling'olewa na Seneti Desemba 2020, na mwaka 2022 Mahakama ya Juu ilipokataa rufaa yake, njia ya kugombea ugavana wa Mombasa ikazibwa. Taasisi zilimzuia; wapiga kura hawakupewa nafasi ya kusema kama wamejifunza lolote.

Agosti 2027 watapewa nafasi hiyo kwa wagombea wengine, wakiwamo wa udiwani ambao mtaa unawafahamu tangu utotoni. Hapo ndipo Pumwani inapoishinda Washington Post: hapa hakuhitajiki mwandishi wa kufukua yaliyopita, kwa kuwa aliyepigwa bado anaishi mlango wa tatu. Anayetaka kujua amana yake itatunzwaje akamuulize huyo kabla ya kwenda mkutanoni. Na akijibiwa kwamba amekwisha kumsamehe mgombea, amheshimu kwa moyo wake mkubwa, kisha aulize swali linalofuata: tangu siku ile, amemfanyia nani mwingine?