Itakufikisha Wapi?

Fundi akikuambia "itakufikisha", amekuahidi nini hasa? Sisi wa mjini tuna jibu tayari: cha rahisi ni ghali, tengeneza vizuri mara moja uondokane na presha. Lakini huo ni ushauri wa mtu mwenye pesa. Asiye nazo haulizi njia bora ni ipi. Anauliza, kwa hizi nilizo nazo, naweza kufanya nini?

Nililiona swali hilo likijibiwa Garsen, msimu wa maembe, kwenye lori kuukuu la mjomba wangu. Lilikuwa limepoteza nguvu, linakula oili, na moshi wake ni wa buluu. Fundi hakuwa na kompyuta. Aliliacha likinguruma, akafungua kifuniko cha kutilia oili, na moshi ukatoka pale puh, puh, kama mzee anayepanda ngazi. "Ringi zimekwisha," akasema. Yaani moto wa ndani ya silinda unapenya pembeni mwa pistoni, na oili nayo inapanda kuungua.

Dawa kamili ni kuitoa injini, kuipeleka Mombasa silinda zichongwe, na kununua pistoni mpya. Mjomba hakuwa na pesa hiyo, na maembe hayangoji mtu. Dawa ya bei nafuu ni kufungua injini palepale chini ya mti, kubadilisha ringi na gasketi, basi. Shida ni kwamba silinda iliyolika si duara kamili tena, kwa hiyo ringi mpya haiibani sawasawa.

Fundi angeweza kunyamaza. Tena ipo njia nyepesi zaidi: mimina oili nzito, moshi utapungua na kelele zitatulia kwa siku kadhaa, chukua pesa yako. Yeye alisema, "Mzee, itavuta, lakini itaanza tena kula oili. Beba jerikeni ya akiba. Malindi nenda. Njia ya Lamu, usiende nayo." Na kweli, lori lilifika Malindi, likarudi likiwa limeshaanza kuomba oili.

Kwangu mimi, uadilifu wa fundi uko hapo. Oili nzito ikiwekwa mwenye gari akijua, ni msaada. Ikiwekwa asijue, ni wizi, ingawa kitendo ni kilekile. Immanuel Kant aliandika mwaka 1785 kwamba binadamu asitumiwe kama chombo tu. Fundi anayeficha anamtumia mteja. Anayesema, hata kazi yake ikiwa nusu, anamwachia uamuzi.

Lakini kuna mtu wa tatu. Huku watu hudandia malori, wakakaa juu ya mzigo. Malindi ni zaidi ya kilomita 100, na njia ya Lamu magari yamewahi kushambuliwa. Injini kuzimika huko jioni si hasara ya pesa tu. Na huyo abiria hakuwepo chini ya mti fundi alipokuwa akieleza. Nilipomuuliza mjomba, alisema yeye huwaambia: "Gari si zima, huenda tukalala njiani." Wengi hupanda tu.

Je, huko ni kukubali, kama hakuna gari lingine? Si kikamilifu. Umaskini umeshampunguzia uhuru kabla hajafika barabarani. Lakini kumficha ni kumnyang'anya hata kile kidogo kilichobaki. Anayejua anaweza kubeba maji, kupiga simu nyumbani, kumwacha mtoto kwa bibi yake. Ndiyo maana sikubali kwamba ukweli ni anasa ya wenye pesa.

Na kuna mahali hata ukweli hautoshi. Breki mbovu hazimhusu aliyepanda peke yake. Mchungaji anayevusha ng'ombe wake barabarani hajaulizwa, wala hakuna wa kumuuliza. Injini mnaweza kukubaliana itengenezwe nusu. Breki, hapana.