Anayeitwa Mwishoni

Kwenye besiboli kuna mrushaji anayekaa nje karibu mchezo mzima, halafu anaitwa dakika za mwisho kulinda ushindi wa wenzake. Mariano Rivera wa Panama aliifanya kazi hiyo New York Yankees, akalinda ushindi mara 652 kwenye ligi. Ila fainali ya 2001, mchezo wa 7, alipewa timu ikiongoza 2–1, wakafungwa 3–2. Msimu uliofuata alirudi, akacheza hadi 2013.

Likizo iliyopita niliitwa usiku kusali na mgonjwa, nikakosa maneno kabisa. Nilitaka kuacha seminari. Padre mlezi akaniambia tu, “Kesho urudi kwake.” Nikarudi.

Mpendwa, Bwana akikuita tena, hata saa kumi na moja, usimjibu kwa aibu ya jana. Inuka, uende.