Kicheko cha Mkunazini

Kati ya picha zote tulizopiga Unguja, wenzangu wa kikoba wanaipenda ile ya Nungwi, jua likizama na jahazi limepita nyuma yetu. Wifi yangu anaipenda ya Forodhani, ana bakuli la urojo mkononi na kijiko kimeishia njiani. Mimi naipenda ya Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa. Tumesimama wanawake wa Mikese kwa madera ya sare, tunacheka mpaka jino la mwisho. Nyuma yetu, ndani ya shimo, ziko sanamu za watumwa zilizochongwa na Clara Sörnäs wa Sweden mwaka 1998. Wamezama mpaka mapajani, shingoni wana mnyororo.

Kijana aliyetupiga picha alikuwa amemwita mkubwa wetu kuliko wote bibi harusi. Ndicho tulichokuwa tunakichekea.

Mdogo wangu ni ustadhi wa madrasa hapahapa Mikese. Aliitazama kwa muda, kisha akanirudishia simu. “Dada, hii usiitundike ukutani.” Sababu yake ya kwanza naijua tangu utotoni: malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye sura. Katika picha za kamera wanazuoni wamehitilafiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa mufti wa Misri, aliona kwamba kamera huzuia tu kivuli cha kitu ambacho Mungu amekwisha kukiumba, kwa hiyo mpiga picha hajajifanya muumba. Wengine, hasa Saudi Arabia, waliikataa isipokuwa kwa dharura kama pasipoti. Hilo halikutusumbua, albamu zipo. Sababu ya pili ndiyo iliyoninyima usingizi. “Mnacheka mbele ya watu waliofungwa minyororo. Mtaulizwa, dada.”

Mimi nafundisha historia, na kuna habari moja ambayo kila ninapoifundisha natazama dirishani, upande wa barabara. Mwaka 1871 Stanley alipita huku akitoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone. Katika orodha ya vituo vyake kabla ya Simbamwenni, mji wa Kisabengo chini ya milima ya Uluguru, kipo anachokiandika Mikeseh. Kabla hajafika hapo alikutana na msafara wa watumwa waliofungwa minyororo, wanapelekwa mashariki, pwani. Aliwatazama nyuso. Akaandika kwamba hawakuonekana wenye huzuni, tena walionekana wachangamfu. Minyororo aliiona mizito, ingeweza kumzuia hata tembo, lakini akahukumu kwamba uzito wake unavumilika kwa sababu watu wale hawakuwa wamebeba kitu kingine ila miili yao.

Watu wale walikuwa wanapita mbele ya mgeni mwenye bunduki na wapagazi wengi. Nani kati yao angemlilia yeye? Huenda mmoja alitabasamu kwa hofu, mwingine kwa adabu, kama tunavyomtabasamia mgeni hata siku ya msiba. Stanley alisoma uso akadhani amesoma moyo. Katika imani yetu yaliyomo vifuani anayajua Mungu peke yake, na maneno hayo tunayasema kila siku bila kuyapima. Kwangu mimi maana yake ni kwamba uso wa mtu ni ushahidi nusu, na anayeuona analazimika kuuliza. Stanley alikuwa na watu waliosema Kiswahili vizuri kabisa. Nafasi ya kuuliza alikuwa nayo.

Kwa hiyo namjibu mdogo wangu hivi: picha yetu nayo ni ushahidi nusu. Baada ya kicheko kile tuliingia katika kanisa lililo papo hapo. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba kwa shinikizo la Waingereza, na mwaka huohuo Waanglikana wakaanza kujenga pale. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, amezikwa humo. Mbele ya altare sakafuni kuna duara la marumaru, na wenyeji husimulia kwamba ndipo uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Wifi yangu, Mwislamu kama mimi, alipofika ukingoni mwa duara alivua ndala zake akazishika mkononi. Hakuambiwa na mtu. Alisimama peku akisoma Fatiha huku midomo ikicheza, kisha akatoka bila kuvaa ndala mpaka uani. Hakuna aliyempiga picha, na sijutii.

Mtu akiiona picha ya shimoni tu atasema wanawake wa Mikese hawana haya. Ndiyo maana simwonyeshi mtu picha ile bila kumsimulia habari ya duara. Wanafunzi wangu huwauliza kwanza wanaona nini, wanajibu furaha, ndipo nawasomea alichoandika Stanley kuhusu nyuso za njia yetu. Darasa huwa kimya, halafu maswali hayaishi.

Mdogo wangu amekubali picha ikae kwenye albamu, na nyuma yake nimeandika majina yetu sote pamoja na mwaka 1873. Kuhusu kicheko hajakubali. Anasema adabu ya mahali pa mateso ni kunyamaza. Mimi nasema Mungu anahesabu nia, na kwamba waliopitishwa Mikese kwa mnyororo hawakurudi, ila sisi tulikwenda pwani kwa nauli zetu wenyewe na tukarudi kwetu kulala. Wanawake wa njia hii kucheka pale, kwa sauti, wakiwa huru, mimi naliona ni jambo ambalo wale wa shimoni wangelitaka. Hilo siwezi kulithibitisha, kwa kuwa na wao siwezi kuwauliza. Nimemwambia mdogo wangu likizo ijayo twende naye, avue viatu pale duarani, kisha tubishane upya kwenye boti.