Jembe la Kambini

Masomo: Kumbukumbu la Torati 23:12-14, Luka 13:1-5

 

Mvua zimeanza, na wahudumu wa afya wamekwisha kupita nyumba kwa nyumba kutukumbusha habari za kipindupindu, ambacho wengi wetu tuliotoka Kivu tunakiita kolera. Lakini kabla hatujasema lolote juu ya ugonjwa huo, tunayo toba ya kufanya mbele yenu.

Wakati ule ulipoingia hapa kambini, sisi viongozi tulisimama madhabahuni tukahubiri habari za Akani katika Yoshua 7, kwamba yuko mtu aliyeficha kitu hemani mwake, na kwa ajili yake wote tunapigwa. Hatukutaja jina. Hapakuwa na haja, maana kila mtu alijua ni nyumba gani iliyougua kwanza. Kesho yake yule mama alipofika bombani, wenzake waliondoa madumu yao kwenye foleni. Watoto wake walipona, lakini yeye hajarudi kanisani hata leo, wala hatumlaumu.

Akani yumo katika Maandiko, hatumfuti. Ila aliyemfunua Akani ni Mungu mwenyewe. Sisi hakuna aliyetufunulia kitu. Tulibahatisha, tena kwa jina la Bwana. Na tulipita mbio juu ya maneno ya Yesu. Aliwakumbusha watu habari za wale 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu, akauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wengine wote waliokaa Yerusalemu. Akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Kisha toba akawadai walewale waliokuwa wakimsikiliza.

Basi kolera inatoka wapi? Zamani wataalamu wengi walidhani kijidudu chake kinaishi ndani ya matumbo ya watu tu. Kuanzia miaka ya 1970 mama mmoja mwanasayansi wa Marekani, Rita Colwell, pamoja na wenzake, walionyesha kwamba bakteria huyo ana makao yake majini, hasa pale mito inapokutana na bahari, hata kama hakuna mgonjwa karibu. Hujishika kwenye viumbe wadogo sana wa jamii ya kamba, waitwao kopepodi, na kopepodi mmoja aweza kubeba maelfu ya bakteria. Maji yakipata joto na mimea midogo ya majini ikistawi, kopepodi huongezeka, na abiria wao nao huongezeka.

Elimu hiyo ilitumika Bangladesh kwa namna ambayo kila mama hapa ataielewa. Wanawake wa vijijini walikunja sari kuukuu mara kadhaa, wakaifunga mdomoni mwa chungu na kuchujia maji ya kunywa. Kopepodi walibaki kwenye nguo. Utafiti uliotolewa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kolera ilipungua karibu nusu. Nguo kuukuu ilifaa kuliko mpya, maana nyuzi zimelegea kwa kufuliwa na matundu yamekuwa madogo. (Tusieleweke vibaya: nusu iliyobaki bado inaua. Hapa kwetu maji yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini.)

Tena kuna jambo lililotushangaza sana. Bakteria naye huugua! Viko virusi visivyompata mtu, bali humpata bakteria peke yake. Mwaka 1996 wataalamu Waldor na Mekalanos walieleza kwamba ile sumu inayomharisha mtu hata akakauka, bakteria aliipata kwa kirusi cha namna hiyo kilichoingia ndani yake. Na viko virusi vingine vinavyomwua. Kule Dhaka mwaka 2004 watafiti waliona virusi hivyo vikiongezeka, na mlipuko ukipungua. Kumbe kirusi kimoja kinampa silaha na kingine kinamwangamiza, na vita vyote hivyo vinapiganwa ndani ya tone la maji. Humo ndani hakuna anayeuliza jina la mama yeyote.

Sasa tazameni Kumbukumbu la Torati. Waisraeli nao waliishi kambini. Mungu aliwaagiza kila mtu awe na kitu cha kuchimbia, atoke nje ya kambi, achimbe, kisha afukie, kwa kuwa Bwana anatembea katikati ya kambi yao. Agizo halikuwa kwa wenye dhambi kubwa wala kwa nyumba iliyougua. Lilikuwa kwa kila mtu kambini.

Na jembe likishindwa, tumeona. Mwezi Julai 1994 wakimbizi mamia ya maelfu kutoka Rwanda waliingia Goma. Ardhi ile ni mwamba wa volkano. Hapachimbiki choo, hapachimbiki hata kaburi. Watu walikunywa maji ya ziwa kama yalivyo. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi kwa kolera na kuhara damu. Tumesikia wakisema ile ilikuwa hukumu. Walikuwamo wenye damu mikononi, na walikuwamo watoto wa kunyonya. Bakteria hakuwachagua.

Lakini kambi ya wakimbizi vilevile ndiyo iliyoifundisha dunia kuokoa. Mwaka 1971, huko Bangaon, India, penye wakimbizi waliotoka iliyokuwa Pakistani ya Mashariki, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya kutundika mshipani. Akachanganya sukari na chumvi katika maji safi, akawapa ndugu za wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilishuka kutoka kama 30 katika kila wagonjwa 100 mpaka chini ya 4. Mama zetu, mshike hesabu hii: maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6 vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko kidogo. Mgonjwa aanze kunywa mara moja, na apelekwe zahanati bila kungoja maombi yaishe. Tutaombea njiani.

Wala msiogope kuingia katika nyumba ya mgonjwa. Kolera hupita kinywani, kwa maji na chakula kilichochafuliwa na kwa mikono isiyooshwa. Mkitoka, naweni kwa sabuni. Chakula cha matanga, kwa sasa, tukiache.

Jumatano baada ya maombi sisi wazee wa kanisa tutakwenda kwa yule mama kumwomba msamaha, kama atatupokea. Hatutakwenda na mahubiri. Choo chake kimebomolewa na mvua, na tumekubaliana kwamba Jumamosi kichimbwe upya. Wenye majembe waje nayo saa 1 asubuhi. Wasio na jembe waje na ndoo.